Neno "Expect": Tunatarajia, Tunategemea, au Tunatakiwa?

Utangulizi

Makala haya yamezaliwa na barua moja, tena barua ambayo haikuwa yangu.

Nilipokuwa mwaka wa pili hapa chuoni, mdogo wangu alichaguliwa kujiunga na chuo kimoja cha ufundi. Barua ya kumwita ilifika nyumbani kwetu kusini, imeandikwa kwa Kiingereza kitupu. Baba akapiga simu. Mimi ndiye niliyekuwa "msomi wa lugha" katika ukoo, kwa hiyo mdogo wangu akanisomea neno kwa neno, nami nikawa natafsiri. Sentensi iliyobeba uzito ilikuwa fupi tu. Ilisema kwamba mwanafunzi "is expected to report" tarehe 12 Oktoba. Bila hata kumeza mate nikasema, "Wanakutarajia tarehe 12 Oktoba."

Baba akaichukua simu. "Wanamtarajia?"

"Ndiyo, baba. Wanamtarajia."

"Basi kama wanamtarajia, watamngoja. Korosho bado hatujauza."

Korosho ziliuzwa, nauli na ada zikapatikana, na mdogo wangu akafika kwenye geti la chuo tarehe 24, godoro kichwani. Akaambiwa nafasi yake amekwisha kupewa mwingine. Akageuza na godoro lake. Mwaka mzima akawa anapalilia mikorosho huku wenzake aliomaliza nao wakishika vyuma na bisibisi. Baba hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Si ungesema kwamba wanamtaka?"

Swali hilo limenikaa kichwani kuliko mhadhara wowote wa nadharia ya tafsiri. Maana ukifungua kamusi, utaona sikukosea: "expect" ni tarajia. Na bado nilikosea, tena vibaya. Katika makala haya nakusudia kueleza neno hili dogo la Kiingereza, ambalo sisi wanafunzi wa fasihi tunakutana nalo kila siku, maana zake na matumizi yake, na kuonyesha kwamba hakuna neno moja la Kiswahili linaloweza kulibeba lote. Nitapendekeza pia swali moja ambalo, kwa maoni yangu, linatosha kumwokoa mfasiri na mhakiki.

1. Asili ya neno

"Expect" limetoka katika Kilatini, kwenye kitenzi "exspectare". Kimeundwa kwa vipande viwili: "ex", yaani nje, na "spectare", yaani kutazama. Picha iliyomo ni ya mtu aliyesimama mlangoni au juu ya ukuta, anatazama nje kuona kama kuna kinachokuja. Neno liliingia katika Kiingereza karne ya 16, na mwanzoni lilikuwa na maana ya kungoja pia. Mtu aliweza "ku-expect" mtu kwa maana ya kukaa na kumngoja. Maana hiyo ya kungoja imekufa katika Kiingereza cha leo. Iliyobaki ni ile ya akili kutangulia kufika mahali ambapo jambo lenyewe halijafika.

Hapa pana jambo la kufurahisha. Kiswahili nacho kinacho kitenzi kilichoundwa kwa picha ile ile, bila kukopa kwa Walatini: kutazamia. Tazama, ongeza kauli ya kutendea, unapata kutazama kuelekea kitu kisichofika bado. Babu zetu na Walatini walisimama kwenye mlango mmoja, kila mmoja kwa wakati wake.

Tofauti ni kwamba Kiingereza kililichukua neno lile moja na kulitwika mizigo mingi: kudhani, kutumaini, kungoja mtoto, kudai, kuamuru. Kiswahili kiliigawa mizigo hiyo kwa vitenzi mbalimbali. Ndipo ugomvi wetu unapoanzia.

2. Ndugu zake wa Kiswahili

Tuwatazame hawa ndugu mmoja mmoja.

Kutarajia ni neno lenye asili ya Kiarabu, na shina lake huko lina maana ya kutumaini na hata kuomba. Kwa hiyo ndani ya tumbo la kutarajia kuna tamaa ya heri. Anayetarajia anataka kile anachokitarajia. Ndiyo maana sikio la mzee likisikia "wanamtarajia" linaona wenyeji waliokaa barazani, chakula kimefunikwa, wanamngoja mgeni wao mpendwa. Mgeni akichelewa wenyeji hawafungi mlango. Baba alisikia Kiswahili sahihi kabisa. Aliyesema vibaya ni mimi.

Ndiyo maana pia sentensi fulani za taarifa ya habari hukwaruza masikio. Msomaji anasema kwamba idadi ya waliokufa katika ajali "inatarajiwa kuongezeka." Jamani, nani anayetarajia hilo? Mwandishi alikuwa na "is expected to rise" mbele yake, akachukua neno la kwanza kwenye kamusi. Kiswahili chenye adabu kingesema idadi inahofiwa kuongezeka, au angalau inatazamiwa. Kiingereza ki-"expect" harusi na msiba kwa neno lile lile. Kiswahili kina moyo wa kutofautisha.

Kutegemea ni jamaa wa kuegemea. Ni mwili unaolaliwa na nguzo. Mtu anayetegemea ameshaweka uzito wake juu ya kitu, na nguzo ikiondoka ataanguka. Katika mazungumzo yetu ya kila siku tunalitumia badala ya kutarajia, kama tunaposema "sikutegemea kama utakuja" au "ulitegemea nini?" Matumizi hayo yamezoeleka na siyapigi vita. Nasema tu kwamba katika maandishi mhakiki akumbuke ile nguzo. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia iliyochapishwa mwaka 1969, wapiganaji wa Maji Maji hawayatarajii maji tu, wanayategemea. Wameweka miili yao juu ya imani kwamba risasi hazitapenya. Ukiandika "wanayatarajia maji yawakinge" umeipunguza tamthilia nusu ya uzito wake.

Kutazamia tumeshakuona. Ni ndugu mpole kuliko wote. Hana tamaa wala hana mwega, anatazama tu. Unaweza kutazamia mvua, ukame, ushindi au kufeli.

Kisha wako wale ambao kamusi nyingi hazitawaweka kabisa kwenye ukurasa wa "expect": kutakiwa, kupaswa, kuwajibika. Hawa hawafanani na wenzao hata kidogo, lakini ndio waliokuwa ndani ya barua ya mdogo wangu.

3. "Expect" la kudhani

Mwingereza akigonga mlango wa rafiki yake asijibiwe, atasema, "I expect he's asleep." Hapo hakuna la kutarajia. Aliyelala amelala sasa, si kesho. Maana yake ni kudhani tu, tena kudhani kwa mtu aliye karibu na uhakika. Mwanafunzi atakayeandika "natarajia amelala" atachekwa, na atastahili.

Tungesemaje sisi? Tungesema "nadhani amelala" au "huenda amelala". Lakini ipo njia nzuri zaidi, nayo haitumii neno lolote la kudhani. Tunasema, "Atakuwa amelala." Tazama ujanja wake! Tumechukua -ta- ya wakati ujao tukaibandika kwenye jambo la sasa, na dhana ikatokea yenyewe. Anayesema anatangulia kidogo mbele, kwenye ule wakati ambapo mlango utafunguliwa na ukweli kuonekana. "Watakuwa wamefika Kibiti sasa hivi." "Hiyo itakuwa simu ya mama." Kazi yote ya "expect" imefanywa na kiambishi.

Nasisitiza hili kwa sababu sisi wanafunzi tuna ugonjwa wa kutafuta neno kwa neno. Tukikuta kitenzi cha Kiingereza lazima tupate kitenzi cha Kiswahili. Kumbe wakati mwingine jibu halimo kwenye msamiati. Limo kwenye sarufi.

Na hapa niseme neno juu ya mama mjamzito, maana wengi hucheka wakisikia kwamba kwa Kiingereza "she is expecting" inatosha bila kutaja kinachongojwa. Ni tafsida. Kitenzi kimeachwa bila yambwa kwa ajili ya haya. Kiswahili nacho kina haya zake, lakini kimetazama upande mwingine: mja mzito, kiumbe mwenye uzito. Mwingereza ameitazama siku itakayokuja. Mswahili ameutazama mwili wa mama ulivyo leo, mguu unavyoinuliwa kwa taabu. Siku hizi tunasema pia "anatarajia kujifungua", na hapo kutarajia kumekaa mahali pake hasa, kwa kuwa heri imo. Lakini usikate kanzu kabla ya mtoto kuzaliwa, wamesema wazee.

4. "Expect" la kuamuru

Sasa tufike kwenye lile lililotuumiza. Kiingereza kina desturi ya kuvalisha amri nguo za utabiri. Mwalimu haamuru, yeye "ana-expect" kazi mezani kwake Ijumaa. Ofisi haidai, watu "are expected" kufika saa mbili. Aliyezaliwa ndani ya lugha hiyo anajua kwamba chini ya ile kanzu nyeupe kuna kiboko. Asiyezaliwa humo anaona kanzu tu.

Mfano maarufu kuliko yote ni wa vita. Tarehe 21 Oktoba 1805, karibu na rasi ya Trafalgar katika pwani ya Hispania, Admirali Nelson wa Uingereza alikuwa anakaribia kupambana na merikebu za Ufaransa na Hispania. Akataka kuwapelekea mabaharia wake ujumbe kwa bendera. Alichokusudia kusema ni kwamba Uingereza ina imani kwamba kila mtu atatimiza wajibu wake. Neno alilolichagua lilikuwa "confides". Afisa wake wa ishara, Pasco, akamwomba ruhusa abadilishe. Kitabu cha ishara walichokitumia kilikuwa na namba za maneno yaliyokwisha kuwekwa tayari. "Confides" halikuwamo, ingebidi lipandishwe herufi kwa herufi, herufi nane, na adui yuko mbele. "Expects" lilikuwamo, kwa namba 269. Nelson akakubali, na ujumbe ukapanda mlingotini ukiwa na "expects".

Ndugu msomaji, sentensi ambayo Waingereza wameikariri kwa zaidi ya miaka 200 ilipata kitenzi chake kwa sababu ya uhaba wa muda na bendera! Lakini angalia kilichobadilika. "Uingereza ina imani nanyi" ni mkono begani. "England expects" ni jicho mgongoni. Katika la kwanza, baharia akishindwa, amevunja imani ya mtu aliyempenda. Katika la pili, baharia akishindwa, kuna atakayeulizwa. Inasimuliwa kwamba Collingwood, aliyekuwa makamu wa Nelson, alipoona bendera zinapanda alinung'unika kwamba afadhali Nelson aache kupeleka ishara, kwa kuwa wote walikwisha kujua la kufanya. Nadhani Collingwood alilisikia lile jicho.

Mfano wa pili utawagusa zaidi wale wa darasa la tamthilia. Katika The Merchant of Venice ya Shakespeare, mbele ya mahakama, Mtawala wa Venisi anamhutubia Shylock, anayedai ratili ya nyama ya Antonio. Hotuba inaanza kwa upole: dunia inadhani, na yeye Mtawala anadhani pia, kwamba Shylock anaonyesha ukali mpaka dakika ya mwisho tu, kisha atatoa huruma. Huo ni utabiri. Lakini hotuba inapoishia, kitenzi ni "expect": sote hapa tuna-"expect" jibu la upole. Je, bado ni utabiri? La hasha! Mtawala amekaa kitini, wazee wa mji wamemzunguka, na anayesemeshwa ni mtu wa jamii inayodharauliwa. Hilo ni shinikizo lililovaa heshima. Shylock analisikia hivyo hivyo, ndiyo maana jibu lake ni la mtu anayekataa amri, si la mtu anayesahihisha dhana.

Mwalimu Nyerere aliitafsiri tamthilia hiyo kwa jina la Mabepari wa Venisi, ikachapishwa mwaka 1969. Nawaachia zoezi: mwendeni maktaba, mfungue mandhari ya mahakama, mwone Mwalimu alichagua ndugu yupi pale, kisha mjadiliane. Ni zoezi la nusu saa, lakini litawafundisha zaidi ya makala haya.

Kwa Kiswahili amri huwa haioni haya kiasi hicho. Barua zetu husema "unatakiwa kufika tarehe fulani bila kukosa." Hilo "bila kukosa" ni dawa kubwa. Laiti ningelisema tu.

5. "Expectations" la urithi

Watu wengi huanza kulijua neno hili kwa riwaya ya Charles Dickens, Great Expectations, iliyotoka kwa sehemu katika jarida lake All the Year Round kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Wanafunzi wengi hulitafsiri jina hilo "Matarajio Makuu" na kuendelea na safari. Hebu tusimame kidogo.

Katika Kiingereza cha enzi ya Dickens, "expectations" lilikuwa pia neno la mali. Kijana mwenye "expectations" alikuwa kijana ambaye siku moja angerithi. Mwanasheria Jaggers anapoingia kumpa Pip habari, hamwambii kwamba ana ndoto kubwa. Anamwambia kwamba kuna mali inamjia kutoka kwa mtu asiyetajwa. Ni taarifa ya kisheria. Lakini kuanzia siku ile Pip anaanza kumwonea haya Joe, mume wa dada yake, mhunzi mwenye mikono mieusi na moyo mweupe aliyemlea. Anakwenda London kuwa muungwana. Anaamini mfadhili wake ni Miss Havisham, bibi tajiri, na kwamba amekusudiwa kumwoa Estella. Kumbe fedha yote inatoka kwa Magwitch, mfungwa aliyetoroka ambaye Pip alimsaidia utotoni, na aliyepelekwa Australia akatajirika huko. Magwitch akikamatwa, mali yake inachukuliwa na serikali. Pip anabaki mikono mitupu.

Hilo si anguko la mtu aliyetarajia. Aliyetarajia akikosa huhuzunika, akalala, kesho akaamka. Pip alikuwa ameegemea. Aliacha ufundi, aliacha watu wake, akaweka uzito wote juu ya nguzo asiyoijua ilisimikwa na nani. Wahenga wetu walikwisha kuliandika fumbo hilo zima kwa maneno matano: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kwa hiyo mimi nikipewa riwaya hii nitafsiri jina lake, nitabishana sana kabla ya kuandika "matarajio". Neno "mategemeo" lina zile maana mbili za Dickens, ya mali na ya moyo, na tena lina lile anguko ndani yake.

6. Majirani wanaochanganywa nalo

Nipite haraka kwa majirani watatu, kwani mitihani hupenda kutuchanganya.

"Hope" ni kutumaini, na kutumaini hakuhitaji dalili. Mgonjwa aliyekatiwa tamaa na waganga hutumaini, ha-"expect". Kinyume chake, mwizi aliyeshikwa hu-"expect" kipigo bila kukitumaini.

"Wait" ni kungoja au kusubiri. Ni kazi ya mwili na muda. Katika tamthilia ya Samuel Beckett, iliyochapishwa kwanza kwa Kifaransa mwaka 1952, watu wawili wako kando ya njia kwa ajili ya mtu aitwaye Godot. Kitenzi cha jina la Kifaransa kina ukoo mmoja na kile cha kutazamia jambo. Beckett alipoitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza ilimbidi achague, akachagua "Waiting". Alichagua sawasawa. Vladimir na Estragon wanangoja; kama bado wanatarajia, hilo ndilo swali la tamthilia nzima. Ngojangoja huumiza matumbo, lakini kungoja bila kutarajia huumiza kitu kingine kabisa.

"Anticipate" wengi hulitumia kama "expect" lililovaa tai. Asili yake ya Kilatini ni kuchukua kabla. Aliye-"anticipate" jambo amefanya kitu: golikipa ameruka upande kabla mpira haujapigwa. Kwa Kiswahili huyo amewahi. Anayetazamia mvua anaangalia mawingu. Aliyeiwahi ameshaanua nguo.

7. Swali la kujiuliza

Basi tutajuaje neno lipi la kutumia? Swali ninalopendekeza ni hili: lisipotokea, je?

Likikosa kutokea kile kinachosemwa, kinafuata nini? Kama kinafuata mshangao tu, basi ni kudhani au kutazamia. Kama inafuata huzuni, ni kutarajia. Kama kinafuata kuanguka, ni kutegemea. Na kama inafuata adhabu, basi ni kutakiwa, hata kama kwa Kiingereza sentensi inatabasamu.

Lipime swali hilo kwa mifano yetu. Rafiki asipokuwa amelala: "Kumbe yu macho!" Mshangao. Mtoto asipozaliwa salama: huzuni. Mali ya Pip isipokuja: anguko. Baharia wa Trafalgar asipotimiza wajibu: kesi. Mdogo wangu asipofika tarehe 12: nafasi imekwenda. Ningejiuliza swali hilo kabla ya kufungua mdomo, ningesema "wanakutaka tarehe 12, bila kukosa," na baba angekopa nauli.

8. Neno hili katika uhakiki wetu

Mtauliza, hayo yote yanahusu nini uhakiki? Yanahusu sana. Mwaka 1967 mtaalamu wa Kijerumani Hans Robert Jauss alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Konstanz, akaeleza kwamba kila msomaji huijia kazi ya fasihi akiwa na upeo wa mambo anayoyatazamia, upeo uliojengwa na kazi alizozisoma kabla, tanzu anazozijua na maisha anayoishi. Thamani ya kisanaa, alisema, inahusiana na umbali uliopo baina ya upeo ule na kazi mpya. Kazi inayompa msomaji kile kile alichokitazamia inakaribia kuwa burudani tu.

Dhana hiyo katika insha zetu huandikwa "upeo wa matarajio". Nimeiandika hivyo mwenyewe mara nyingi. Sasa tuipime kwa swali letu. Msomaji asipopata alichokitazamia, kinafuata nini? Si huzuni. Ni mshangao, na kwa Jauss mshangao huo ndio mlango wa sanaa. Tukiandika "matarajio" tunaingiza tamaa ndani ya dhana isiyo na tamaa, na bila kujua tunaanza kuandika kwamba mwandishi "amemvunja moyo msomaji", kama kwamba amefanya kosa, pale ambapo Jauss angempongeza. Tena upeo ni kitu cha macho! Mtu haegemei upeo wala hauombi, anautazama. Kwa hiyo napendekeza "upeo wa matazamio". Waalimu wetu watanisahihisha kama nimepotoka.

Dickens mwenyewe ni ushahidi. Mwisho wa kwanza aliouandika, Pip na Estella wanaachana. Rafiki yake Bulwer-Lytton akamshauri aubadilishe, naye akaandika mwisho unaoacha mlango wazi wawili hao kubaki pamoja. Wahakiki wanagombana mpaka leo upi ni bora. Mimi nauona ugomvi huo kuwa wa vitenzi viwili: mwisho mmoja umeandikwa kwa wanaotazamia, mwingine kwa wanaotarajia.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba "expect" ni neno moja lenye madai manne, na kwamba kosa la mfasiri haliko katika kutolijua bali katika kudhani kwamba analijua. Kamusi itakupa ndugu mmoja wa kwanza kwenye mstari; wengine ni juu yako kuwaita. Na wanaoumia tunapokosea huwa ni wale waliotuamini kwa kuwa tumesoma: baba mwenye korosho zake ghalani, kijana mwenye godoro kichwani.

Mdogo wangu aliomba tena mwaka uliofuata, akapata. Barua ilipofika alinipigia, akaisoma polepole, na alipofika kwenye neno lile akanyamaza kidogo.

"Kaka," akaniuliza, "safari hii wananitarajia au wananitaka?"

Nikamwambia apande basi siku mbili kabla.